Njia ya Choo Usiku: Hotuba kwa Wanaoishi na Wazee

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule moja wilayani Temeke, Dar es Salaam, mbele ya wazee, watoto na wajukuu wao, wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa mtaa. Tumeiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Shikamooni wazee wangu.

Mbona mnaitikia kama watu wanaodaiwa? Shikamooni!

Haya, marahaba hiyo imefika. Wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Vijana, mambo vipi. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na niliyemruka namsalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mwenyekiti amenipamba sana hapa, nusura nigeuke nyuma nione anamsema nani. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezeekea wodi ya mifupa, na tangu nistaafu napita majumbani, nikiitwa na jirani au mjumbe, kuangalia mzee analala wapi, anaoga wapi, anapita wapi. Sikuja na mashine wala picha za ukutani. Nimekuja na swali.

Kule wodini, mzee akiletwa amevunjika nyonga, nikishamaliza presha na joto, nilikuwa na swali langu ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Nilimuuliza: mama, ulikuwa unakwenda wapi? Mnadhani walinijibu nini? Sokoni? Msikitini? Harusini? Mara nyingi mno jibu lilikuwa lile lile: "Nilikuwa nakwenda chooni, mwanangu." Au alikuwa anatoka chooni. Saa ngapi? Usiku wa manane, au alfajiri kabla hakujapambazuka.

Sasa sisi watoto wao tunaogopa nini? Tunaogopa Barabara ya Kilwa. Tunaogopa bodaboda na daladala. Mama akisema anakwenda kwa shoga yake Tandika, tunamtafutia kijana wa kumsindikiza. Akienda chooni saa nane usiku, nani anaamka? Nauliza tena, nani anaamka?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu 684,000 duniani wanakufa kwa kuanguka. Ukiacha ajali za barabarani, hakuna ajali nyingine isiyokusudiwa inayoua watu wengi kiasi hicho. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiko huku kwetu, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Miaka 60 ndiyo umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu kuwa mzee. Naona baadhi yenu mnatazama pembeni. Tumo, tumo wote.

Kwa hiyo leo sitawaambia mbomoe nyumba. Sitawaambia mwagize vifaa Ulaya. Nataka tushughulike na njia moja tu: kutoka kitandani hadi chooni, na kurudi. Hayo mengine nitayagusa, lakini moyo wangu uko kwenye njia hiyo.

Tuipite pamoja. Chukueni nyumba zetu za Kiswahili, maana wengi hapa tumezaliwa humo. Baraza mbele. Korido katikati. Vyumba vitatu huku, vitatu kule. Mwisho wa korido mlango wa uani, na kwenye kona ya ua ndiko bafu na choo. Siisemi vibaya nyumba hii. Ina hewa, ina majirani, mzee hakai peke yake na ukuta. Lakini mfuateni bibi wa miaka 75 anayelala chumba cha mbele kabisa.

Anaamka. Giza, umeme umekatika au LUKU imeisha. Chandarua kimechomekwa chini ya godoro, anapapasa, anatoa mguu, kinamnasa kidole. Kitanda kirefu, kwa sababu watoto wamempenda wakamnunulia godoro nene. Miguu haigusi chini, anateremka kwa kujirusha. Ndala moja ipo, ya pili imeingia uvunguni. Anafungua mlango anatokea koridoni. Na korido ya usiku si korido ya mchana, au nasema uongo? Usiku kila mpangaji anaingiza mali yake: majiko, madumu ya maji, ndoo, kabati la chipsi, baiskeli, na siku hizi pikipiki. Anafika mlango wa uani, komeo liko juu, mpaka asimamie vidole. Kizingiti. Kidato. Nje kumenyesha, au mtu amemwaga maji ya kufulia. Ndipo afike chooni.

Mmehesabu mitego? Na hapo bado hajajisaidia. Akimaliza anairudia yote.

Nilimpokea bibi mmoja wa Mtoni. Nyumba ni yake, amerithi kwa marehemu mumewe, na amepangisha vyumba. Mpangaji wake mmoja ni dereva wa bodaboda. Pikipiki si ya kijana, ni ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu, ikiibwa kaisha. Kwa hiyo bibi mwenyewe ndiye aliyemruhusu ailaze koridoni. Alimhurumia. Na bibi alikuwa na akili yake ya usiku: anapita ameweka mkono kwenye ukuta wa kulia, moja kwa moja hadi mlangoni, pikipiki inalala kushoto. Miezi na miezi hakukuwa na shida. Siku moja kijana akarudi usiku mwingi, mvua inanyesha, upande wa kushoto kumejaa ndoo za watu wanaokinga maji. Akaiegesha kulia. Bibi akatoka, mkono ukutani kama kawaida yake. Mkono ukakuta usukani. Akaenda chini, na pikipiki ikamlalia pajani.

Nani mkosaji hapo? Kijana? Bibi? Wenye ndoo? Mimi sikuona mkosaji. Niliona korido isiyo na makubaliano. Na ndiyo sababu nimewaomba wapangaji waje leo, si wazee peke yao. Pale Mtoni walikaa, mjumbe akiwepo, wakakubaliana kwamba upande wa kulia wa korido ni njia ya bibi, hakiwekwi kitu, hata kopo. Wakapiga mstari wa rangi nyeupe sakafuni. Uani wakachimbia pete ya chuma kwenye zege, pikipiki inalala huko imefungwa mnyororo, imefunikwa turubai. Rangi kopo dogo, saruji kidogo, mnyororo kijana alikuwa nao.

Fanyeni hivyo. Jioni ya leo, kabla ya kulala, piteni njia ya mzee wenu. Apite mwenye nyumba, apite mpangaji. Zimeni taa mpite mkipapasa. Kila kitakachowagonga ugoko, kiondoeni.

Taa. Hizi balbu za kuchaji zinazouzwa kila duka zinawaka hata umeme ukikatika; moja koridoni, moja chooni. Kama kuna taa ndogo ya sola, iwekeni uani. Na tochi ifungwe kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, pale ambapo mkono wa mzee unafika akiwa amelala. Msiniambie atatumia simu. Simu ya bibi usiku iko wapi? Iko chumbani kwa mjukuu, inaangaliwa katuni.

Kidato na kizingiti vipakeni rangi ya njano au nyeupe kwenye ukingo, upana wa vidole vitatu. Jicho la mzee halitofautishi vizuri saruji na saruji. Linaona sakafu moja, mguu unaenda hewani.

Kitanda. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zilale chini na magoti yakae kama pembe ya meza. Kikiwa kirefu, fundi akate miguu. Kitanda kinaweza kukatwa, mzee hakati miguu yake. Kikiwa kifupi mno nacho ni tabu, hawezi kunyanyuka. Wekeni vipande vya mbao imara chini, vilivyochongwa shimo ili mguu wa kitanda usiteleze. Na mzee akiamka asisimame papo hapo. Akae kidogo, achezeshe nyayo, apumue, ndipo asimame. Hasa mwenye dawa za presha, maana akiinuka ghafla damu inachelewa kufika kichwani, anaona kizunguzungu, na kizunguzungu kikimkuta amesimama gizani hakimwachi.

Sasa nasema jambo ambalo mtaguna. Kama choo kiko mbali, kama mvua za masika zimeanza na ua unateleza, kwa nini mzee asiwe na ndoo yenye mfuniko chumbani?

Nilijua mtaguna! Lakini ni nani hapa hakuzaliwa kwenye nyumba ambayo bibi alikuwa na chombo chake cha usiku? Kulikuwa na aibu gani? Fundi wa mbao anatengeneza kiti chenye tundu, ndoo inakaa chini yake, mfuniko upo, dawa ya kusafishia ipo, asubuhi mtu anamwaga na kuosha. Mwiko mmoja tu: anayemwaga asikunje uso. Mzee akishaona uso umekunjwa, kesho atakwenda uani gizani, na hatamwambia mtu.

Tufike chooni kwenyewe. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Choo chetu cha kuchuchumaa kinadai vitu viwili ambavyo uzee unavichukua kwanza: magoti na nguvu za mapaja. Kuchuchumaa mzee anaweza. Kuinuka ndiyo kazi. Anatafuta pa kushika. Anashika nini? Bomba la maji. Ukingo wa ndoo. Mlango. Msumari wa kutundikia kanga. Vyote hivyo havikuwekwa kubeba mtu.

Chini kumepigwa niru, ile saruji iliyolainishwa. Tunapenda niru, inang'aa, inaosheka. Ikishapata sabuni hapo ni utelezi mtupu. Fundi akiwa anamalizia sakafu ya bafu, mwambieni asiilainishe, aipitishe ufagio mgumu kabla haijakauka, ibaki na michirizi. Kwa iliyokwisha kukauka, anaweza kuitindua kidogo kidogo ikakwaruza, au aipige upya juu. Na ule utelezi wa kijani unaoota uani kipindi cha mvua, usugueni kila wiki kwa brashi ngumu. Hauondoki kwa maji matupu.

Kuhusu chuma cha kushikia, ngoja niwasimulie mzee wa Keko. Huyu ni fundi seremala, amechonga makochi na vitanda maisha yake yote pale Keko, mikono yake mmeilalia wengi bila kujua. Akapata kiharusi chepesi, mguu wa kushoto ukawa mzito. Wanawe wakamfungia vyuma chooni bila kumuuliza. Kimoja mbele ya uso, kimoja nyuma ya mgongo, upande wa kushoto. Vyuma vya kupendeza, vya kung'aa. Mzee hakuvigusa hata siku moja. Wakaniita: njoo mwambie baba, ni mbishi.

Nikamkuta barazani. Nikamwambia, baba, nionyeshe unavyoinuka. Akanitazama, akacheka. Akaingia chooni na nguo zake, akachukua chaki, akachuchumaa, akanyoosha mkono wa kulia pale mkono unapotaka kwenda wenyewe, akachora ukutani. Akanyanyuka nusu, akachora tena juu zaidi. Akatoka akasema, "Hapa na hapa. Chuma kiende mshazari kati ya alama hizi mbili. Wao wamefunga upande uliokufa." Wanawe walikuwa wamesimama mlangoni. Hakuna aliyesema neno.

Mnaona? Ubishi ulikuwa wapi? Mzee alikuwa na kipimo, na hakuna aliyemuuliza. Kabla hujafunga chuma, mpe mzee chaki. Kabla hujahamisha kitanda, muulize analala kichwa upande gani. Kabla hujaleta kiti, akikalie kwanza. Nyumba ni yake, na hata kama si yake, mwili ni wake.

Mafundi mliopo, hili ni lenu. Bomba la chuma la inchi moja na robo linashikika vizuri na mkono wa mzee. Nene zaidi halishikiki, vidole havikutani. Liache nafasi na ukuta, vidole vilivyolishika vipite bila kukwama. Na tofali zetu za mchanga na saruji mnazijua, nyingine ukizigusa na kucha zinamwagika. Msipige skrubu fupi na plagi ya plastiki mkaondoka. Pitisheni boliti upande wa pili wa ukuta, muweke bamba la chuma na nati. Mkimaliza, fundi mwenyewe aning'inie. Kama fundi anaogopa kuning'inia, mzee asipewe.

Asiyeweza kuchuchumaa kabisa, mchomeleeni fremu ya chuma yenye kiti cha choo juu, ikae juu ya tundu, miguu yake ivalishwe mpira. Nimeona watu wanatoboa kiti cha plastiki cha sherehe. Jamani, hapana. Kiti kile kwenye sakafu yenye maji kinafungua miguu, na mzee anakaa chini kwa kishindo. Uti wa mgongo unaweza kuvunjika kwa kukaa chini tu, mfupa ukiwa umechoka.

Kuoga, akae. Kigoda imara, ndoo ya maji juu ya kiti kingine au juu ya tofali zilizopangwa vizuri, asiiname. Wazee wangu wa Kiislamu, kutawadha kaeni pia; ule mguu mmoja kwenye sinki na mmoja sakafuni umeniletea wagonjwa. Na mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Hili watu hawalijui mpaka siku ya siku. Mzee akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio unauziba, mnabaki mnasukuma mlango juu yake. Komeo nalo liwe la kuweza kufunguliwa kwa nje.

Sasa wale wenye nyumba za kisasa, wa Goba, Mbezi, Kigamboni, mnaniona kama vile sijawagusa. Choo ndani, taa kila mahali, jenereta. Nakuja kwenu.

Kijana mmoja, namwita kijana ana miaka hamsini, alijenga vizuri sana. Akamchukua baba yake Muheza, akampa chumba chenye choo chake. Sakafu tailizi, zinang'aa mpaka unajiona. Juu yake vizulia vidogo vidogo, kimoja mlangoni, kimoja kando ya kitanda, kimoja bafuni, vya mapambo. Mke wa kijana ni mtu mwema, kila kitu "baba kaa, nitakuletea." Chai inakuja kwenye kochi. Maji yanakuja kwenye kochi. Geti limefungwa, baba asije akapotea. Kijana akaniambia kwa fahari kabisa, "Baba hapa hafanyi chochote, shangazi. Anapumzika tu."

Baba yule Muheza alikuwa anakwenda shamba. Kwa mguu. Anapanda kilima, anateremka. Baada ya muda mfupi pale Goba, kuinuka kwenye kochi ikawa mpaka ashikwe mikono miwili. Kochi lenyewe ni lile la kuzama, ukikaa magoti yanapanda usawa wa kifua. Siku aliyojaribu kuinuka peke yake, alifika chumbani kwake, akakanyaga kizulia, kizulia kikakimbia juu ya tailizi. Bahati yake aliangukia kitandani.

Nilimwambia yule kijana, baba yako hamjamlinda, mmemfungia. Kumlinda na kumfungia vinafanana kwa nje, lakini misuli inajua tofauti. Mzee asiyetembea anapoteza mapaja kila wiki, na asiye na mapaja ataanguka hata ukimtandikia pamba. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2019 yalikuta kwamba mazoezi, hasa ya kujisawazisha na ya nguvu za miguu, yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa takribani asilimia 23. Dawa gani ya duka inafanya hivyo?

Mazoezi gani? Hamhitaji gimu. Kiti kigumu chenye mikono, kiegemee ukuta kisirudi nyuma. Mzee akae, ainuke, akae, ainuke, taratibu, mara anazoziweza, asubuhi na jioni. Tujaribu sasa hivi. Wazee wangu mlio kwenye viti, vijana wasimame pembeni yenu. Inukeni. Kaeni. Inukeni. Kaeni. Mama pale mbele anacheka, kumbe anaweza kuliko mimi.

Vizulia vyote viliondolewa. Kochi likabaki la wageni, baba akachongewa kiti chake. Geti likafunguliwa. Akaanza kutembea mpaka kwenye kijiwe cha kahawa, ana kahawa yake na drafti yake, watu wanamjua. Wanaomjua watamrudisha nyumbani hata akisahau njia. Hiyo nayo ni sehemu ya usalama wa nyumba, ingawa iko nje ya geti.

Alikataa bakora mwanzoni. Wote wanakataa. "Sijawa kizee." Basi msimletee bakora ya hospitali, mletee iliyochongwa vizuri, ya heshima, kama ya mwenyekiti. Urefu wake: mzee asimame na viatu vyake, mikono ining'inie, kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha mkono. Ncha ivalishwe mpira, na mpira ukiisha ubadilishwe. Inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, siyo upande wa mguu mbovu. Najua wengi mnafanya kinyume, nimewaona mkiingia.

Mambo mengine nayapitia haraka, mwenyekiti ananionyesha saa.

Ndala zilizokwisha kisigino, zitupeni. Kiatu cha nyumbani kifunge nyuma ya kisigino na soli isiteleze. Mwenye kisukari asiende peku kamwe, mguu una ganzi, atakanyaga kaa la moto asijue. Kanga na kanzu zisiburuze chini.

Macho. Mtoto wa jicho unatibika kwa upasuaji, na hapa Dar es Salaam mnaijua hospitali ya CCBRT. Mzee anayesema "ni uzee tu, macho yamechoka" apelekwe akapimwe kabla hamjapaka rangi hata kidato kimoja.

Dawa. Wekeni zote kwenye mfuko mmoja mkamwonyeshe daktari: ipi inaleta usingizi, ipi inaleta kizunguzungu, ipi inakojosha. Ile ya kukojosha ikinywewa jioni inamwamsha mzee usiku kucha kwenda kule kule chooni. Muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Msihamishe wenyewe.

Moto. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mzee, hata wakati wa baridi ya Julai, ile hewa yake inaua bila harufu. Namba ya Zimamoto ni 114, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya mtoto aliye karibu. Aliye karibu, siyo anayependwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye mguu wa bibi wa Mtoni, yule aliyelaliwa na pikipiki. Alipoanguka walimwinua wakamlaza. Asubuhi akaitwa mtu wa kuchua. Mafuta, maji ya moto, kunyoosha. Bibi anapiga kelele, wanasema ndiyo unarudi huo. Siku zikapita. Alipofika kwetu, nilifunua shuka tu nikajua, kabla ya picha. Mguu ule ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelala kwa nje.

Naomba kila mtu alikumbuke hili hata akisahau yote. Mzee ameanguka, hawezi kukanyaga, mguu umekuwa mfupi na umegeukia nje: hiyo ni nyonga. Hachuliwi. Hakandwi. Hanyooshwi. Haketishwi nyuma ya bodaboda. Mlalisheni, mfunike shuka, wekeni mito pande zote mbili za mguu, apelekwe hospitali akiwa amelala. Kila siku anayokaa kitandani bila kutibiwa inamletea vidonda vya mgongo, homa ya mapafu, na damu kuganda miguuni. Bibi alifanyiwa upasuaji, alitembea tena, kwa kigari cha kushikilia. Lakini zile siku za mafuta na maji ya moto zilimgharimu.

Na kama ameanguka na hana maumivu makali, msimvute kwa makwapa. Mwacheni apumue. Ageuke ubavu, apige magoti, mleteeni kiti imara mbele, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, ainuke mwenyewe ninyi mkimshikilia kiunoni. Akishatulia, muulizeni ameanguka kwa nini, na mara ngapi kabla ya hapo. Wazee wanaficha. Wanaficha kwa sababu wanajua tukisikia tutawafungia ndani.

Mimi nimemaliza. Hapo nje chini ya mwembe kuna fundi wa kuchomelea na fundi wa mbao, wana fremu ya choo na kiti chenye tundu, mkavikalie msione haya. Wale ambao mzee wenu hakuweza kuja, andikisheni jina la mtaa na nyumba kwa mjumbe, tutapanga siku ya kupita. Chaki mje nazo wenyewe.

Maswali sasa. Naanza na mama wa ushungi wa kijani kule nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja ile ndoo.